Upinde, Mkuki na Rungu: Silaha za Jadi katika Ulinzi wa Sungusungu

Isaka, mji wenye bandari kavu wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, upo katika eneo ulikoanzia ulinzi wa jadi wa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na wimbi la wizi wa mifugo na ujambazi lililofuata Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979.

Silaha za walinzi hao hutofautiana kwa manufaa. Upinde humzuia mhalifu angali mbali, lakini huhitaji ustadi na mwanga. Aidha, mshale wenye sumu hauna jeraha dogo. Mkuki hufaa kwa masafa mafupi, ila ukisharushwa humwacha mwenyewe mikono mitupu. Rungu hutumika ana kwa ana, nalo ndilo hutoa nafasi kubwa zaidi ya kumkamata mtuhumiwa akiwa hai.

Hata hivyo, nguvu ya Sungusungu haikutokana na silaha pekee. Filimbi na yowe, ambalo Wasukuma na Wanyamwezi huliita mwano, viliwakusanya wanavijiji kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa hadi ipatikane.

Sheria Na. 9 ya mwaka 1989, iliyorekebisha sheria za mgambo, ilivitambua vikundi hivyo na kuvipa mamlaka ya kukamata. Mamlaka hayo si ya kuhukumu wala kuadhibu. Hivyo, mtuhumiwa akishakamatwa, hana budi kufikishwa kituo cha Polisi bila kuchelewa na bila kudhuriwa.