Farasi Asiyesema: Filamu Bubu na Mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu wa Kiswahili anapotafuta filamu ya kufundishia, kwanza huuliza inazungumza lugha gani. Makala haya yanapendekeza filamu isiyozungumza lugha yoyote. Mfano wetu ni Just Tony, filamu ya kauboi iliyotengenezwa Marekani mwaka 1922, ambayo mhusika wake mkuu, au stelingi kama wasemavyo vijana wa mitaani, ni farasi.

Filamu hiyo ilitolewa na kampuni ya Fox na kuongozwa na Lynn Reynolds, kutokana na riwaya ya Max Brand iitwayo Alcatraz. Mwigizaji Tom Mix alikuwa na sifa kubwa wakati huo, lakini jina lililobebwa na filamu ni la farasi wake, Tony. Kisa chenyewe ni chepesi. Farasi anateswa, Mix anamwokoa. Farasi anaishi nyikani akiongoza kundi la farasi mwitu, na mwishoni analipa fadhila. Maneno machache yaliandikwa kati ya picha na picha. Mengine yote mtazamaji aliyasoma katika masikio, macho na kwato. Mtu na mnyama walikuwa sawa, kwani wote hawakusikika. Filamu ya The Jazz Singer ilipotoka mwaka 1927, binadamu alianza kupata sauti katika sinema, na usawa huo ukaanza kutoweka.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya picha zisizosema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, uliofadhiliwa na shirika la Carnegie. Picha zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hili. Filamu yao moja ilihimiza watu kuweka akiba katika benki ya posta badala ya kuficha fedha nyumbani. Hivyo, mtu aliyeonekana kwenye picha alitiwa maneno na mwingine, na mtazamaji akaambiwa la kufikiri.

Hapa ndipo penye funzo. Katika mtaa wa Mangateen, Juba, wanaishi watu wengi waliohamishwa na vita vilivyozuka Desemba 2013. Mwanafunzi wa hapo anaweza kuzungumza Kinuer nyumbani na Kiarabu cha Juba sokoni. Kiswahili amekikuta ukubwani, baada ya Sudan Kusini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Darasani hunyamaza, na mwalimu asiye makini humdhania mzito wa akili. Kumbe ana mengi ya kusema, ila maneno hajayapata. Mbele ya farasi wa mwaka 1922, yeye na mwenzake wa Kibari wako sawa: wote wameelewa kisa, na sasa wanatafuta Kiswahili cha kukisimulia.

Sarufi nayo hujitokeza yenyewe. Nomino farasi haina kiambishi cha umoja wala wingi, lakini hutawaliwa na upatanisho wa viumbe hai: farasi huyu amekimbia, farasi hawa wamekimbia. Tena tunasema farasi wangu, lakini rafiki yangu. Mwanafunzi anayesimulia jinsi mnyama alivyogeuka kuwa rafiki atalazimika kuvuka kutoka wangu hadi yangu, na hataisahau kanuni hiyo upesi.

Kwa kuhitimisha, mwalimu aoneshe dakika tano za picha, azime mashine, kisha anyamaze. Asiwe santuri ya Vugiri. Sentensi ya kwanza itoke kwa mwanafunzi, hata kama ina makosa. Kusahihisha kutafuata baadaye.