Debe Moja la Mafuta: Habari za Jiko la Msafiri

Natumaini kila darasa limekwisha kukaa. Somo letu la historia leo si habari za wafalme wala za vita. Ni habari za jiko. Jiko lenyewe ni dogo, mtu aweza kulichukua kwa mkono mmoja, na wengi kati yenu mmepata kuliona: lile jiko la shaba la mafuta ya taa, lenye bomba la kusukumia hewa, ambalo kwetu nyumbani tuliliita primasi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: BOMBA na MVUKE. Tutayahitaji.

Pengine mmoja wenu anauliza, msafiri wa miguu ana haja gani ya kujitwisha jiko? Hapa kwetu zamani msafiri alichukua sufuria na kiberiti. Mafiga na kuni aliviokota njiani. Naam, lakini ziko nchi ambazo huwezi kuokota hata kijiti. Nchi moja ya namna hiyo ni Greenland, kisiwa kikubwa sana cha kaskazini, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu mwaka mzima. Mwaka 1888 kijana mmoja wa Norwe, jina lake Fridtjof Nansen, alikivuka kisiwa hicho pamoja na wenzake 5, wakienda juu ya mbao za kutelezea na kuvuta mizigo yao wenyewe. Pande zote walizungukwa na maji yaliyoganda, na bado waliteswa na kiu. Jiko lao lilikuwa la spiriti, na spiriti waliyoweza kuibeba ilikuwa kidogo. Basi kila mtu alijaza theluji katika chupa ya bati, akaiweka kifuani ndani ya nguo, ili joto la mwili wake liiyeyushe apate maji ya kunywa.

Mtasema, kwa nini wasiile theluji? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Barafu haigeuki kuwa maji bure. Hula joto jingi. Joto linalotumika kuyeyusha kilo 1 ya barafu karibu latosha kuyapasha maji hayo hayo kutoka digrii 0 mpaka digrii 80. Mtu akiila theluji, joto hilo lote hutoka mwilini mwake, naye yumo katika baridi kali na chakula chake ni cha kupimwa. Kwa hiyo katika nchi za barafu jiko si la chakula tu. Jiko ndilo kisima.

Sasa twende Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Wakati ule mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kuenea duniani, na majiko ya mafuta yalikuwapo, lakini yalikuwa ya utambi. Utambi hutoa moshi, moshi hutia masizi, na sufuria hugeuka nyeusi kama chungu cha mafiga. Mafundi wa Uswidi walikuwa na chombo kingine. Mwaka 1882 fundi Carl Richard Nyberg alitengeneza taa ya mkono inayotema moto mkali, ya kuyeyushia risasi na kuunguzia rangi ya zamani milangoni. Ndipo fundi mwingine, Frans Wilhelm Lindqvist, alipofikiri kwamba moto wa namna hiyo ungeweza kuelekezwa chini ya sufuria. Mwaka 1892 jiko lake lilikuwa tayari. Akaliita Primus, neno la Kilatini, maana yake ni "wa kwanza".

Kazi yake ni hivi. Chini pana tangi la shaba lenye mafuta. Kwanza unamimina spiriti kidogo katika kikombe kilicho shingoni mwa jiko, unaiwasha, nayo inapasha kichwa cha jiko moto. Spiriti ikikaribia kwisha, unafunga skrubu ya hewa na kusukuma bomba. Hewa inayakandamiza mafuta, mafuta yanapanda, yanapita katika kichwa chenye moto na kugeuka mvuke. Mvuke hutoka kwa nguvu katika tundu dogo kama la sindano, ukachanganyika na hewa, ukawaka moto wa buluu usio na masizi. Kinachowaka ni mvuke, si utambi. Ndiyo sababu mtu mwenye haraka, asiyengoja kichwa kipate moto, hurushiwa mafuta mabichi yanayowaka. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto niliunguza nyusi zangu kwa haraka ya namna hiyo, na mama hakunihurumia hata kidogo.

Nansen alipotoka tena, safari hii kwenda Ncha ya Kaskazini, alichukua jiko hilo. Tarehe 14 Machi 1895 yeye na Hjalmar Johansen waliiacha meli yao, Fram, iliyokuwa imeshikwa na barafu, wakaenda na mbwa 28 wa kuvuta mizigo. Mafuta waliyochukua yalikuwa kiasi cha galoni 4.

Wasikilizaji, galoni 4 ni debe moja. Ni debe lile lile mnalolijua. Debe hilo moja liliwatosha watu wawili siku zipatazo 120, wakipika mara mbili kwa siku na kupata maji ya kunywa ya kutosha. Mwalimu, wape wanafunzi hesabu hii: debe lina karibu lita 18, ugawe kwa 120. Jibu ni lita 0.15, yaani kikombe kidogo cha chai. Kikombe kidogo cha mafuta kwa siku nzima, katika baridi ambayo zebaki huganda!

Lakini sifa si ya jiko peke yake. Nusu ya sifa ni ya sufuria. Nansen aliona kwamba moto mwingi hupotea kando ya sufuria, basi akapanga vyombo vyake ili moto usipate njia ya kutoroka. Katikati palikuwa na sufuria ya chakula. Hewa ya moto ilipanda kandoni mwake, ikapita katika chombo cha pili kilichoizunguka, chenye theluji, kisha ikapita chini ya chombo cha tatu kilichokaa juu, nacho kina theluji. Wakati uji unaiva, maji yanapatikana bila kuongeza tone la mafuta. Karibu vyombo vyote vilikuwa vya alumini, madini haya haya mepesi ya sufuria zetu. Wakati ule yalikuwa mapya katika mambo ya jikoni, maana njia ya kuyapata kwa bei nafuu iligunduliwa mwaka 1886 tu.

Wasafiri waliofuata waliiga. Hata hivyo jiko zuri halifai kitu likikosa mafuta, na hapo ndipo penye habari ya huzuni. Mwaka 1911 misafara miwili ilishindana kufika Ncha ya Kusini. Roald Amundsen wa Norwe alifika tarehe 14 Desemba 1911. Robert Scott wa Uingereza alifika na wenzake 4 tarehe 17 Januari 1912, akaikuta bendera ya mwenzake. Wote wawili walikuwa wameweka akiba ya mafuta njiani ya kurudia. Amundsen alikuwa ameujua ubaya wa mafuta ya taa katika baridi, kwamba hupenya hata pasipoonekana tundu, akayaziba makopo yake kwa lehemu. Makopo ya Scott yalifungwa kwa vifuniko vya skrubu vyenye washa za ngozi. Baridi iliiharibu ngozi. Scott alipofika kwenye akiba zake alikuta makopo yamepungua, ingawa hakuna mtu aliyeyagusa. Hayo siyo yaliyowaua peke yake. Walikuwa na njaa, walikuwa wagonjwa, na baridi ya mwaka ule ilizidi. Lakini mwishoni mwa Machi 1912 watatu waliobaki walilala hemani wakizuiliwa na tufani, hawana mafuta ya kuyeyushia theluji, na akiba kubwa ilikuwa mbele yao maili 11. Wenzao waliwakuta tarehe 12 Novemba wakiwa wamekufa.

Sasa tupande mlima Everest, mrefu kuliko yote duniani. Mwaka 1952 Tenzing Norgay na Raymond Lambert wa Uswisi walilala usiku mmoja karibu mita 8,400 juu, bila blanketi na bila jiko. Walikuwa na mshumaa. Waliyeyusha theluji juu ya mshumaa huo, wakapata matone ya kulowesha midomo. Kesho yake walijitahidi, wakarudi nguvu zimekwisha. Mtaalamu wa mwili wa msafara uliofuata, Griffith Pugh wa Uingereza, alishikilia kwamba huko juu mtu hupoteza maji mengi kwa kuhema tu, akataka majiko yawe bora na kila mtu anywe kiasi cha lita 3 kwa siku. Mwaka 1953 Tenzing alilala tena karibu na hapo, pamoja na Edmund Hillary, na primasi ilikuwamo hemani. Walikunywa vinywaji vya moto usiku, wakanywa tena alfajiri. Hillary alikuwa amevua viatu, akavikuta vimeganda kama mawe, ikambidi avibanike juu ya jiko. Saa tano u nusu asubuhi ya tarehe 29 Mei walikuwa kileleni.

Leo msafiri ana majiko ya kuchagua. Yapo ya gesi yasiyofika gramu 100, mepesi kuliko yai mawili, tena huwaka mara moja bila bomba. Lakini gesi ya aina ya buteni haigeuki mvuke baridi ikifika digrii 0, kwa hiyo huchanganywa na propeni. Na mtungi wake haukubaliwi katika ndege. Jiko la spiriti halina tundu la kuziba wala washa ya kuharibika, ila spiriti ina joto kama theluthi mbili tu ya mafuta ya taa kwa uzito ule ule. Kwa safari ya siku mbili ningechukua spiriti. Kwa mwezi mzima kwenye barafu ningechukua primasi, pamoja na sindano ya kuzibulia na washa za akiba.

Katika Kilimanjaro wapandaji hawaruhusiwi kukata kuni, na wapagazi hupanda na majiko ya gesi. Kileleni Kibo, mita 5,895, maji huchemka kwenye digrii 80 hivi, kwa hiyo hata ukichochea vipi, maharagwe yatabaki magumu. Anayekwenda huko achukue vyakula vinavyoiva upesi, na sufuria yenye kifuniko kinachokaza.

Kabla ya kufunga daftari, kila mmoja aandike sentensi tatu: katika nyumba yake, kikombe kimoja cha mafuta, au sehemu ya mkaa au gesi ya thamani hiyo, hupika nini? Wiki ijayo, saa hii hii, mwalimu atasoma majibu. Kwaherini.