Wakazi Waulizwe Kabla ya Ramani: Funzo la Kitale kwa Nyumba za Bei Nafuu

Mwalimu wa Kamukuywa, kaunti ya Bungoma, hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliyafuta makato hayo Novemba 2023, ikisema yaliwabagua wenye ajira rasmi. Yakarudi kupitia Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 19, 2024, safari hii yakiwagusa hata wasio na hati ya mshahara. Mvutano huo wa pesa umefunika swali la zamani zaidi na, kwa maoni yangu, lenye uzito zaidi: anayelipa na anayetarajiwa kuishi ndani ya nyumba huulizwa lini? Historia ya Kenya inaonyesha kuwa kuulizwa peke yake hakutoshi. Mkazi akiitwa barazani baada ya ardhi kuchaguliwa, ramani kuchorwa na bei kupangwa, kilichobaki kwake ni kupiga makofi au kununa. Ushahidi wa karibu uko Kitale, mwendo mfupi wa matatu kutoka soko la Kamukuywa.

Reli iliyofika Kitale mwaka 1926 ilijengwa kwa ajili ya mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia. Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua atakayerudi kwao kazi ikiisha, kwa hiyo mji haukumpangia nyumba ya kulea watoto. Uhuru uliondoa walowezi wengi lakini haukuondoa fikra zao za ujenzi. Kanuni za majengo za mwaka 1968 zilifuata vipimo vya Uingereza, na nyumba ya udongo na mabati ambayo maskini angeimudu mjini ilikuwa haramu kabla hajachimba msingi. Ilipita miaka 27 kabla ya kanuni hizo kulegezwa, mwaka 1995, ili vifaa vya bei ya chini vikubalike. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kujijengea nje ya ramani: Tuwan, Shimo la Tewa, na Kipsongo, zilikokuja familia za Waturkana zilizosukumwa na ukame na umaskini. Serikali iliiona mitaa hiyo kama kosa la wakazi, ilhali ni mipango yenyewe iliyokuwa imewafungia mlango.

Kati ya mwaka 2001 na 2004, shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilishirikiana na Baraza la Manispaa ya Kitale kujaribu njia nyingine katika mitaa hiyo mitatu. Wakazi walishiriki kukusanya habari za mtaa wao, wakataja shida zao na kuzipanga kwa uzito, kisha mipango ya mtaa ikatokana na orodha hiyo. Na orodha haikuanza na nyumba. Watu walitaka maji safi, vyoo, njia zinazopitika na vivuko, na kazi ikaanzia hapo: chemchemi zikakingwa, vyoo vikajengwa, njia zikafunguliwa. Mhandisi angeweza kuona hayo kuwa madogo. Lakini mama anayelipa kodi ya chumba kimoja na kununua maji kwa mtungi anajua kwamba gharama ya makao ni zaidi ya kuta, na kwamba chemchemi iliyo salama humpunguzia matumizi ya mwezi kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Linganisha na Dandora, Nairobi, mradi wa ploti 6,000 uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 1975. Waliopewa ploti walijijengea wenyewe, na hilo lilikuwa jema. Ila mpango uliwafikia ukiwa tayari. Wengi walipangisha vyumba ili kulipa deni, wengine wakauza na kuondoka. Huko Soweto Mashariki, Kibera, familia zilihamishiwa Lang'ata Septemba 2009 ili mtaa wao ujengwe upya, lakini nyumba 822 za awamu ya kwanza hazikukabidhiwa hadi mwaka 2016. Voi ilikuwa kinyume cha Dandora. Katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi walijadili kwanza aina ya umiliki, wakachagua ardhi ibaki mali ya jamii nzima huku kila familia ikimiliki nyumba yake. Walihofia kuwa hatimiliki binafsi zingewageuza maskini kuwa wauzaji, na uamuzi huo mtaalamu asingeufanya kwa niaba yao.

Wapo wanaosema ushirikishwaji huchelewesha kazi. Ni kweli mikutano hula muda, lakini Soweto Mashariki nayo ilikwama mahakamani, maana pingamizi ambazo hazikusikilizwa mwanzoni zilisikilizwa na jaji. Hoja nzito zaidi ni kwamba vikao hutekwa na wenye sauti: wenye majengo ya kupangisha, madalali, watu wa siasa. Hatari hiyo ipo, na Kitale haikuimaliza. Wala mipango yake haikutatua suala la hatimiliki kwa kila mtu. Dawa ni kuwaita wapangaji kando na wenye nyumba, na wanawake kando na wazee, kisha matokeo yabandikwe hadharani kila mtu ayasome. Kufuta vikao hakuwanyamazishi wenye nguvu, kwa sababu wao wana njia ya kumfikia afisa hata pasipo baraza.

Kamukuywa ina sura yake. Wengi wana kipande cha shamba, na tatizo lao huenda likawa mkopo nafuu wa kukamilisha nyumba iliyoishia kwenye lenta, au maji, au vyumba vya heshima vya walimu na wachuuzi wanaopanga sokoni. Ghorofa lililochorwa Nairobi linaweza kuwafaa wachache wenye mshahara na kuwapita wengine wote. Sheria ya 2024 imetaja nyumba za vijijini pia, na inataka kila kaunti iwe na kamati ya nyumba za bei nafuu. Kamati ya Bungoma inapaswa kufika Kamukuywa ikiwa na orodha ya ardhi ya umma iliyopo, mapato halisi ya watu wa pale na karatasi tupu ya kuchorea, na ifanye hivyo kabla ya zabuni yoyote kutangazwa.