Fundi Aliyenitangulia

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya harusi ya jirani, draya ya mama mdogo ilizima mkononi mwake. Tulikuwa nyumbani Moa, chumba cha ndani, udi unafuka, wasichana watatu wenye nywele mbichi wanasubiri zamu. Mama mdogo aliutikisa waya. Draya ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Akanigeukia.

"Wewe msomi wetu, hebu itazame."

Nasomea shahada ya uzamili ya historia. Nimefundishwa kusoma barua za maofisa wa kikoloni, si kufungua vyombo vya umeme. Lakini usiku ule hakukuwa na fundi wa kumwita. Nikachomoa plagi, nikatafuta bisibisi, nikakaa mkekani.

Skrubu mbili zilionekana, ya tatu ilijificha chini ya kibandiko. Ganda lilipoachana lilitoka vumbi, kisha fundo la nywele lililojisokota kwenye feni. Mbele ya feni kulikuwa na waya mwembamba uliozungushwa kama springi juu ya vibao vyepesi vinavyong'aa.

Waya ule ni nikromu. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko huo wa nikeli na kromiamu, unaoweza kuwaka mwekundu tena na tena bila kuungua upesi. Vibao vile navyo vina jina la zamani la Kiswahili: ulanga. Umeme haupiti ndani yake, wala joto la draya haliuunguzi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliuchimba katika milima ya Uluguru. Sisemi kwamba ulanga wa draya hii ulitoka huko; ganda limeandikwa kuwa ilitengenezwa China. Nasema tu kwamba nchi hii ilikuwa inachimbwa madini ya namna hiyo wakati vijiji vyake havijaona hata taa moja.

Umeme wenyewe una kisa kama hicho. Maporomoko ya Pangani yalianza kuuzalisha miaka ya 1930, ukaenda mjini Tanga na kwenye mashamba ya mkonge. Kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964 kwa megawati 21, na mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani kwa megawati 68. Yote hayo mkoani kwetu, na bado nilipokuwa darasa la tano nilisomea kibatari. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Nguzo zilipofika kwetu, mama mdogo alikwenda Ngamiani kununua draya ya mtumba. Paneli yetu ndogo ya sola iliwasha taa tatu. Isingeweza kuendesha chombo kinachokula wati 1,200.

Nilipoufuata waya kutoka kwenye plagi, niligundua kwamba mtu alikwishaingia humu kabla yangu. Mahali pa fyuzi ya joto palikuwa na kipande cha waya wa shaba, ncha zake zimesokotwa kwa mkono. Mafundi huita kuunga dairekti.

Fyuzi ya joto ina kazi moja. Feni ikikwama na koili ikazidi kuwaka, inayeyuka ndani na kukata umeme, haifufuki tena. Kwa miaka yote hiyo mama mdogo alikuwa akipuliza vichwa vya watu kwa draya isiyo na kinga, na fundo lile la nywele lilikuwa likiendelea kukua kwenye feni.

Nilikasirika. Kisha nikajiona mjinga, kwa sababu kile kilikuwa chanzo cha kihistoria kuliko vyote vilivyokuwa mkekani. Mwanahistoria David Edgerton, katika The Shock of the Old (2006), anatutaka tuandike habari za vitu vinavyotumika na kutengenezwa, si za uvumbuzi peke yake. Marsh ana hataza yenye jina na tarehe. Fundi huyu alichoacha ni kipande cha shaba.

Ubaya wa siku ile ulikuwa mdogo tu: waya umekatika shingoni, pale unapopindwa kila siku. Ningeukata na kuuunga kwa dakika kumi. Nikamweleza mama mdogo yote, pamoja na habari ya fyuzi.

"Imefanya kazi hivyo miaka yote," alisema. "Na watoto wa watu wanasubiri."

"Imebahatika tu, mama mdogo."

Alinyamaza. Pesa za usiku ule alikwishazipangia matumizi, nilijua. Kisha akachukua kitana na mafuta. "Basi tutasuka."

"Twende kilioni?" msichana mmoja aliuliza. "Harusini?"

Wote wakacheka, mama mdogo akachelewa kidogo kucheka. Alisuka mpaka saa sita usiku, kwa nusu ya bei.

Jumamosi niliipeleka draya Ngamiani kwa fundi mzee. Nilimwamkia, nikamwonyesha kile kipande cha shaba. Alitoa fyuzi kwenye draya mbovu ya aina ileile, akaipima, akaifunga kwa kuibana kwa koleo. Ukiilehemu ovyo, aliniambia, joto la risasi linaiua kabla haijaanza kazi. Kisha akaukata waya shingoni na kuuunga upya.

Nilimuuliza kama anajua ni nani aliyeunga dairekti.

"Huenda ni mimi," alisema bila kuinua macho. "Kuna wakati fyuzi hizi hazikupatikana. Mteja kasimama hapo, anataka chombo chake. Ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Alhamisi ile nilikuwa na mama mdogo aliyekubali kupata hasara. Yeye alikuwa na mteja.

Kabla hajafunga ganda nilimwomba kalamu. Nikaandika ndani, kwenye plastiki: tarehe, Ngamiani, fyuzi imerudishwa. Akasoma, akachukua kalamu yake, akaongeza jina lake chini.