Fodimapi: mlo wa kuondoa na kurudisha

Asubuhi huko Birere, mtaa uliobanana kati ya jiji la Goma na mpaka wa Rwanda, wengi hufungua kinywa kwa mandazi na chai ya maziwa kabla ya kushika njia ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka, au ya sokoni. Mchana ni maharage yaliyoungwa kwa vitunguu, na bugali au chapati pembeni. Chakula cha kushibisha. Ila kwa mwenye utumbo mwepesi wa kushtuka, siku hiyo moja imemlisha karibu kila kitu ambacho mtaalamu wa lishe angemtaka akiweke kando kwa muda: ngano, maziwa, vitunguu, maharage.

Vyote vinne vina viini vya kundi linaloitwa FODMAP. Kifupisho hicho kilitolewa mwaka 2005 na Peter Gibson na Sue Shepherd, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Australia. Herufi ya kwanza inataja sifa ya kuchachuka. Nyingine zinataja oligosakaridi, disakaridi, monosakaridi na polioli. Hizi ni sukari za minyororo mifupi na jamaa zake, ambazo utumbo mwembamba huzifyonza kwa shida au hauzifyonzi kabisa. Zikiwa njiani huvuta maji. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua na kutoa gesi. Kila mla maharage anayajua matokeo yake. Tofauti ni kwamba kwa mwenye utumbo wa kushtuka, neva za utumbo huupokea mtanuko ule ule kama maumivu.

Kwa jina la Kiswahili, kuna atakayependekeza “sukari chachu”. Ni fupi, lakini chachu humpeleka msomaji kwenye hamira na ukali wa ndimu, na sidhani kuna mpishi atakayekubali kwamba kitunguu saumu ni sukari. Afadhali neno litoholewe: fodimapi, fodimapi hizi, fodimapi nyingi.

Ugonjwa wa utumbo huo wa kushtuka nao una shida yake ya jina. Daktari wa Kongo huandika kwa Kifaransa colopathie fonctionnelle. Ukiutafsiri neno kwa neno kutoka jina lake la kimataifa, irritable bowel syndrome, unapata utumbo wenye hasira au wenye muwasho, na si hasira wala muwasho unaosemwa. Ni utumbo unaoitikia kupita kiasi jambo dogo. Vigezo vya kimataifa vya kuutambua, vinavyoitwa Roma IV na vilivyotolewa mwaka 2016, vinadai maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3 ya mwisho, yanayohusiana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo. Lakini huko Goma, kabla ya kufikia uamuzi huo, lazima amiba, jiadia, minyoo na taifodi vichunguzwe kwanza. Damu kwenye choo, homa au kukonda bila sababu ni mambo ya hospitali, si ya kubadili mboga.

“Maumivu ya nyonga”, jina wanalopewa wanawake wanaoumwa sehemu hizo, nalo hupotosha: msikilizaji hufikiria kiungo cha paja. Mama atasema tumbo la chini, chini ya kitovu, na hapo utumbo, kibofu na mfuko wa uzazi vimepakana kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hawezi kuonyesha kinachouma. Wenye endometriosisi, yaani tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inayoota nje yake, mara nyingi huwa na utumbo wa aina hii pia, na mlo wa kupunguza fodimapi umewapunguzia baadhi yao dalili za tumbo. Endometriosisi yenyewe mlo huo hauitibu.

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni la mlo wenyewe. Watu wa Goma husema rejimu. Kwingine husemwa miiko. Yote mawili hunipa mashaka, kwa sababu mwiko hauna tarehe ya kwisha, na mwenye rejimu ya kisukari huishi nayo. Mlo wa fodimapi una hatua tatu: kuondoa kwa wiki 2 hadi 6, kurudisha kundi moja moja kwa siku 3 huku ukipima mwili unasemaje, kisha kubaki na makatazo machache yaliyothibitika. Anayeishia hatua ya kwanza hujinyima bure, na bakteria wazuri wa utumbo hukosa chakula chao. Kwa hiyo “mlo wa kuondoa na kurudisha” ni jina refu lakini la kweli. Mwaka 2014 kundi la Monash lilichapisha jaribio la wagonjwa 30 waliokula mlo wenye fodimapi chache kwa siku 21, na dalili zao zilipungua.

Jikoni mwa Birere hatua ya kwanza inawezekana. Wali, viazi, ugali wa mahindi, mayai na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, vinaruhusiwa. Kitunguu kikubwa kikikaangwa vipande kisha kikatolewa, mafuta hubaki na harufu yake, maana fodimapi zake haziyeyuki katika mafuta. Majani mabichi ya kitunguu pia hayana neno. Jibini ngumu ya Masisi, ikishakomaa, imebakiwa na laktosi kidogo sana.

Maharage ndiyo magumu, kwa kuwa kwa familia nyingi ndiyo nyama yao. Yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa na maji kumwagwa tena, sehemu ya fodimapi huondoka, na vijiko viwili vitatu vyaweza kupita salama kwa mtu ambaye sahani nzima ingemlaza. Ila katika mtaa ambako maji hununuliwa kwa bidoni na makaa kwa mfuko, ushauri huo una bei, na anayeutoa aulize kwanza ni nani atakayeilipa.