Kupiga kafi kwa pamoja: mtumbwi na kayaki ya familia katika Ziwa Victoria

Kupiga kafi kwa pamoja ni kuendesha mtumbwi au kayaki moja kwa nguvu za watu wawili au zaidi, kila mmoja akiwa na kafi lake na wote wakitazama mbele. Hapo ndipo kafi linapotofautiana na kasia. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, na anayelivuta huipa mgongo njia aendayo. Kafi hushikwa mikononi tu. Mwanza na kandokando ya ziwa watu wengi huviita vyote viwili kasia, na wanaelewana.

Kwa wakazi wa visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, chombo cha watu wengi hakikuanza kama mchezo. Ndicho kilichowapeleka shambani, sokoni, msibani na kwenye zahanati. Mkongwe kuliko vyote ni mtumbwi wa kuchongwa kwenye gogo moja. Upande wa Uganda, wenyeji wa visiwa vya Ssese walishona mbao kwa nyuzi za mimea na kupata mitumbwi mirefu ya makafi mengi, ambayo wafalme wa Buganda waliitumia kama jeshi la majini katika karne ya 19. Msafiri Henry Morton Stanley alipoondoka Kageyi, mashariki ya Mwanza, Machi 1875 kulizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, alikuta maji ambayo wenyeji walikuwa wakiyapita kila siku. Leo mitumbwi mingi inayoonekana mialoni ni ya mbao zilizopigiliwa misumari. Kayaki, chombo ambacho asili yake ni watu wa Aktiki waliokitumia kuwinda, imefika ziwani juzijuzi tu, na ile ya plastiki, pana na ya kukalia juu, ndiyo inayowafaa zaidi wanaoanza.

Katika chombo cha watu wawili, kazi hugawanywa kabla ya kuondoka ufukweni. Aliyekaa mbele hutoa mwendo. Hawezi kumwona mwenzake, kwa hiyo jukumu la kufuatisha ni la aliye nyuma. Kwenye kayaki, ambayo kafi lake lina bapa ncha zote mbili, wote huzamisha upande uleule kwa wakati mmoja, la sivyo makafi hugongana hewani. Kwenye mtumbwi wa kafi la bapa moja, mmoja hupiga kulia na mwingine kushoto. Uelekeo ni wa aliyekaa nyuma, maana kafi linaloburuzwa mwishoni mwa chombo hufanya kazi ya usukani. Aliye mbele akijaribu naye kukinyoosha chombo kila kinapokwenda upande, hupambana na mwenzake bila kujua, na chombo huenda kombokombo.

Ugomvi wa mume na mke majini huanzia hapo. Wapiga kafi wa nchi zinazozungumza Kiingereza wameipachika kayaki ya watu wawili jina la mashua ya talaka, lakini kosa si la chombo. Kinachokosekana ni makubaliano: wa nyuma asiharakishe mwendo, wa mbele asishike njia. Wanandoa wanaoheshimu mpaka huo huelewana upesi, hata kama hawajawahi kushika kafi. Wasioelewana wabadilishane nafasi mara moja, kila mmoja aonje shida ya mwenzake.

Pigo lenyewe ni fupi. Kafi huingia majini karibu na vidole vya miguu na kutoka linapofika usawa wa nyonga. Likivutwa zaidi ya hapo hunyanyua maji bure na kupunguza mwendo. Nguvu hutoka kiunoni na mgongoni, na anayevuta kwa viwiko huchoka mapema. Makafi yanayokwenda pamoja hutoa mlio mmoja, na yakipishana hutoa miwili. Kwa kuusikiliza mlio huo, aliye mbele hujua kama mwenzake yuko naye, bila haja ya kugeuka na kukiyumbisha chombo.

Uzito nao una kanuni. Mzito zaidi hukaa nyuma, lakini tofauti ikiwa kubwa, mbele huinuka na upepo hukigeuza chombo upendavyo. Mzigo husogezwa mbele kusawazisha. Mtoto hukaa katikati, chini kabisa, akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha la kipimo chake, kwa maana jaketi la mtu mzima humvuka kichwani akitumbukia. Kafi dogo apewe hata kama halisaidii kitu. Mtoto mwenye kazi hutulia.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake kirefu kabisa ni mita 80 tu au zaidi kidogo. Upepo ukivuma, mawimbi huja mafupi, yenye mgongo mkali na yanayofuatana upesi, tabia inayowashangaza waliozoea bahari. Usiku hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana nchi ikipata joto, hugeuka na kutoka ziwani. Familia inayotoka asubuhi ikisukumwa na upepo wa nyuma hudhani ina nguvu nyingi, kumbe kazi yote inaingoja ikirudi kabla upepo haujageuka. Njia salama ni kwenda kwanza kinyume cha upepo, kandokando ya pwani, na kuwa nchi kavu kabla ya adhuhuri. Dhoruba nyingi za radi huzuka juu ya ziwa usiku na alfajiri, hivyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usomwe kabla ya chombo kushushwa.

Chombo kikipinduka, wote hukishika na kuitana majina, mtoto kwanza. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji, na anayeuacha ili aogelee hadi nchi kavu ndiye anayepotea. Kwenye kayaki, mmoja huishika upande mmoja ili isipinduke tena, mwingine hupanda upande wa pili. Ni vyema kupiga kafi mahali ambapo wavuvi wanaweza kuwaona. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Konokono wanaoeneza kichocho huishi kwenye maji tulivu yenye majani karibu na ufuko, basi kayaki ishushwe penye mawe au mchanga safi, na anayeingia majini mara kwa mara apimwe na kutibiwa kwa prazikwanteli. Matete na midomo ya mito huachiwa mamba na viboko.

Katika jamii nyingi za ziwa, mwanamke alikatazwa kupanda mtumbwi wa uvuvi. Katazo hilo halikumzuia kulijua kafi: mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyodhaminiwa na Kampuni ya Bia Tanzania na kuzikutanisha timu za Kanda ya Ziwa, yalikuwa na mbio za wanaume na za wanawake, na fainali zimefanyika Mwanza.

Kwa wanaoanza, maji yaliyokingwa ya Ghuba ya Mwanza, kati ya Capri Point na Kisiwa cha Saanane, yanafaa kuliko Ghuba ya Speke iliyo wazi. Saanane, iliyopewa jina la mvuvi aliyeishi hapo, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na anayetaka kuteremka huko hulipa kiingilio cha Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).