Kubeba Kioo pasipo Kukibana: Historia ya Kiti cha Teleskopi

Mtu akisikia habari za teleskopi, mara anauliza: Kioo chake kina upana gani? Inaona mbali kadiri gani? Ni wachache wanaouliza: Na kioo kimekaa juu ya nini? Lakini historia inatufundisha kama swali hilo la mwisho si dogo. Vioo vingi vizuri vimeonyesha nyota vibaya, si kwa ubaya wa kioo chenyewe, bali kwa ubaya wa kiti chake. Katika makala hii tutaeleza habari za kiti hicho: kwanza kwa nini kinahitajiwa, kisha namna mafundi wa Ulaya walivyokitafuta, na mwisho ginsi wafanyakazi wa mji mdogo wa viwanda katika inchi ya Marekani walivyojifunza kukitengeneza kwa mikono yao.

1. Shida yenyewe

Teleskopi ziko za namna mbili. Ya kwanza inakusanya mwanga kwa lensi. Ya pili kwa kioo kilichobonyea kidogo kama sahani. Lensi inashikwa pembeni tu, maana mwanga sherti upite katikati yake. Kioo kinarudisha mwanga kwa uso wake, basi mgongo wake ni huru, na tunaweza kuutegemeza. Hiyo ni faida kubwa. Lakini uso wa kioo ukikosea kidogo, kosa linaongezeka mara mbili, kwa sababu mwanga unakwenda na kurudi.

Kukosea kadiri gani? Kanuni ya mafundi ni hii: uso usikosee kupita sehemu ya nane ya wimbi moja la mwanga. Kwa mwanga wa kijani ni karibu milimetre 0.00007. Unywele wa mtu una unene wa karibu milimetre 0.07. Basi kosa linaloruhusiwa ni dogo mara elfu kuliko unywele.

Sasa mwenye haraka atasema: «Tukifunge kioo kwa nguvu, kisitikisike.» Hapana. Kioo si jiwe lisilosikia. Kikibanwa pembeni, kinajikunja. Kikiachwa juu ya ubao usio sawa, kinalemea mahali palipoinuka na kupinda. Kwa hiyo kiti kina kazi mbili zinazoonekana kupingana: kioo kisiondoke mahali pake, na tena kisisikie mkono wowote unaokishika.

2. Mafundi wa kwanza

Padri Niccolò Zucchi, Mjesuiti wa Italia, aliandika kama mwaka 1616 alijaribu kutazama kwa kioo cha shaba kilichobonyea. Picha haikuwa nzuri. Isaac Newton, Mwingereza, alifaulu mwaka 1668, lakini kioo chake cha madini kilikuwa na upana wa sentimetre 3 na kidogo tu. Kitu kidogo namna hiyo hakijui kupinda kwa uzito wake. Shida ilizaliwa pamoja na vioo vikubwa.

Aliyekutana nayo uso kwa uso ni William Herschel, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath. Mwaka 1781 alivumbua sayari Uranus kwa teleskopi aliyoifanya mwenyewe. Kiisha alitaka kubwa zaidi, yenye kioo cha karibu sentimetre 120. Kioo cha kwanza kilimwagwa mwaka 1785. Kikatoka chembamba mno katikati, hata hakikuweza kushika umbo lake. Akamwaga kingine mwaka 1788, chenye uzito wa karibu mara mbili, na kwa hicho akaona mwezi Enceladus wa sayari Saturn mwaka 1789. Dawa ya Herschel ilikuwa unene: kioo kizito kijibebe chenyewe. Lakini dawa hiyo ina mwisho wake. Kila kioo kikizidi upana, unene nao sherti uzidi, na uzito unakuwa mkubwa kupita nguvu za watu. Ilikuwa lazima kutafuta njia nyingine.

3. Hekima ya mafiga matatu

Kila mama anayepika anajua kanuni ya kwanza ya kiti cha kioo. Chungu kinakaa juu ya mafiga matatu, wala hakitikisiki, hata mawe yasipolingana. Ukiongeza la nne, moja litabaki bure, au chungu kitayumba. Ndivyo kioo kidogo kinavyokaa juu ya vituo vitatu.

Lakini kioo kikubwa kikiwa juu ya vituo vitatu, kinalegea katikati ya kituo na kituo. Tufanyeje? Tukiweka vituo tisa vilivyo imara, tunarudi kwenye shida ya figa la nne: vitatu vitabeba, sita vitasimama bure. Jibu lilitoka kwa Thomas Grubb, fundi wa mashini wa Dublin, inchi ya Ayalandi. Mwaka 1835 alimaliza teleskopi ya kioo cha sentimetre 38 kwa nyumba ya kutazamia nyota ya Armagh. Chini ya kioo aliweka nyenzo na vibao vinavyocheza. Kila kimoja kinategemea ncha moja tu, kama mzani. Kwa hiyo hakuna kituo kinachoweza kukataa mzigo wake, wala kunyang'anya mzigo wa mwenzake.

Wazee wetu waliobeba tipoyi waliujua ukweli huo mabegani mwao. Mzigo ukining'inia katikati ya mti, wawili wanabeba sawa. Ukisogea upande wa mmoja, huyo anaumia. Grubb aliweka kila ncha mahali ambapo mabega yote yanapokea sawasawa.

Lord Rosse, wa Ayalandi vilevile, alichukua fundisho hilo na kulikuza. Kioo chake cha sentimetre 183, chenye uzito wa karibu tani tatu, kilianza kazi mwaka 1845, na mwaka uleule akaona umbo la mzunguko katika wingu la nyota linaloitwa M51. Chini yake kulikuwa na vituo 27, na baadaye 81. Tazama hesabu: 3, 9, 27, 81. Ni mafiga matatu juu ya mafiga matatu. Katika miaka hiyohiyo William Lassell, mwenye kiwanda cha pombe katika mji wa Liverpool, alitumia nyenzo zenye uzito upande wa pili. Teleskopi ikiinama, uzito huo nao unapunguza msukumo wake kwa kadiri ileile. Mwezi wa Oktoba 1846 Lassell alivumbua Triton, mwezi wa Neptune, siku 17 tu baada ya sayari yenyewe kuonekana.

4. Mto wa hewa wa Foucault

Vioo hivyo vyote vilikuwa vya madini. Mwaka 1857 Léon Foucault alionyesha katika Paris namna ya kusugua kioo cha kweli na kukipaka fedha nyembamba. Kioo cha namna hiyo ni chepesi kuliko cha madini, na fedha ikichakaa unapaka nyingine pasipo kuharibu umbo. Teleskopi yake ya sentimetre 80 ilipelekwa Marseille mwaka 1864. Kiti chake kilikuwa cha ajabu: mfuko wa mpira uliojaa hewa. Mtazamaji aliweza kuongeza au kupunguza hewa huku jicho lake likiangalia nyota, mpaka picha ikawa safi. Nyota yenyewe ilimwambia kama kioo kimebebwa vema.

5. Mji wa mafundi wa vyuma

Mpaka hapo, vyombo hivi vilikuwa mali ya matajiri na wataalamu. Vilifikaje mikononi mwa wafanyakazi? Sherti twende Springfield, mji mdogo wa Vermont katika Marekani. Kazi ya mji huo ilikuwa kutengeneza mashini za kukereza vyuma. Mkubwa wa kiwanda cha Jones and Lamson, James Hartness, alipenda nyota. Alimpa kazi Russell Porter, mzaliwa wa mji huo, mchoraji aliyekwisha kusafiri katika inchi za barafu za kaskazini. Pamoja walitunga chombo kinachoonyesha kivuli cha visi kilichokuzwa, ili kosa la meno yake lionekane kwa macho.

Mwaka 1920 Porter alianza kuwafundisha wafanyakazi kusugua vioo. Waliozoea kupima chuma kwa kipimo kidogo sana hawakushangazwa na kazi ya saburi. Mwaka 1923 walianzisha chama chao, na mwaka 1924 wakajenga nyumba yao juu ya kilima, wakaiita Stellafane. Juu ya nyumba hiyo waliandika maneno ya mwanzo ya Zaburi inayosema habari za mbingu na utukufu wa Mungu, ile ya 18 katika hesabu ya Vulgata. Albert Ingalls wa gazeti Scientific American alifika kuwaona, na mwezi wa Novemba 1925 akaandika habari zao. Kichwa cha makala kilikuwa maneno yaleyale ya Zaburi. Tangu hapo watu wa kazi mbalimbali, katika inchi nyingi, walianza kujifanyia teleskopi.

6. Namna ya kukitengeneza

Kwa kioo cha sentimetre 15 au 20, ambacho unene wake ni kama sehemu ya sita ya upana, vituo vitatu vinatosha. Fundi anakereza sahani ya aliminyumu, anaigawa kwa pembe za nyuzi 120, na kuweka vituo vitatu vya ngozi. Hesabu za kompyuta zimeonyesha kama vituo vinafaa kukaa karibu 0.4 ya nusu-upana wa kioo kutoka katikati, ndani zaidi kuliko walivyoviweka mafundi wa zamani. Chini ya sahani zinakaa visi tatu zenye resori, za kuelekeza kioo.

Kwa kioo kikubwa zaidi, mhandisi Mwingereza J. H. Hindle alieleza hesabu nyepesi katika miaka ya 1930. Tuseme kioo kina sentimetre 40, na vituo ni tisa. Chora duara ya ndani yenye nusu-upana wa sentimetre 11.5: ndani yake iko theluthi moja ya uzito. Vituo vitatu vibebe sehemu hiyo, na sita vibebe pete ya nje. Kila kibao cha pembe tatu kina vituo viwili vya nje na kimoja cha ndani, na ncha yake inatobolewa kwenye theluthi ya njia kutoka nje kwenda ndani. Tundu likikosewa, kituo kimoja kitaonewa.

Tena jihadhari na pete ya pembeni. Aliminyumu inatanuka kwa joto karibu mara saba kuliko kioo cha Pyrex. Pete ya sentimetre 25 iliyokazwa mchana, usiku ukishuka kwa nyuzi 20, inajikaza karibu milimetre 0.1 kupita kioo. Hata Lubumbashi, katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, jambo hilo linaweza kutokea. Kwa hiyo vishikio vya mbele na vya pembeni visiguse kioo: acha nafasi ya unene wa karatasi.

7. Mwisho

Porter aliitwa California mwaka 1928 kusaidia teleskopi ya Palomar. Kioo chake cha metre 5, kilichozinduliwa mwaka 1948, kinabebwa na mitambo 36 ya nyenzo, mtoto mkubwa wa vibao vya Grubb. Kwa upande wa pili John Dobson, mtawa wa dini ya Kihindu katika San Francisco, hakuwa na fedha. Alisugua vioo vyembamba vya madirisha ya meli, na pembeni akavitegemeza kwa mkanda tu, kama mtoto mgongoni mwa mama. Mkanda huo unafuata umbo la kioo na kugawanya uzito wake; kwa hiyo wafanyaji wengi wa teleskopi wanautumia hata leo.

Basi, mwalimu wa seminari atakayetaka kufanya teleskopi pamoja na wanafunzi asifikiri kama kazi imekwisha siku kioo kinapong'aa. Nusu ya kazi iko nyuma yake, mahali ambapo mtazamaji hataona kamwe. Awafundishe kukereza, kupima na kutoboa kwa uaminifu uleule waliotumia kwa kusugua. Kisha waelekeze chombo kwenye nyota moja angavu. Ikionekana duara ndogo safi, kioo kimebebwa. Ikionekana yenye pembe tatu, wafungue vishikio: mahali fulani wamekibana.